Injini ikizima karibu na mpaka: nani atakuja kukuvuta, na nani atalipa

Wenye boti za starehe hapa Dar es Salaam wengi wana bima. Waulize bima hiyo itafanya nini injini ikizima nje ya Fungu Yasini saa kumi jioni, nao watakujibu bila wasiwasi: "Si wataleta msaada?" Tatizo linaanzia kwenye jibu hilo. Kampuni ya bima haina boti, haina nahodha anayesubiri simu yako pale Msasani, wala haina mtu wa kuiangalia bahari usiku. Kwa kawaida inachoahidi ni kurudisha fedha ulizotumia, ikiwa tukio limo ndani ya masharti na ikiwa una ushahidi. Atakayekuja na kamba ni mtu mwingine kabisa, na inawezekana hana habari na bima yako.

Kwa hiyo anayetafuta bima ya kuvutwa majini anatafuta vitu viwili vilivyo tofauti: mtu wa kuja, na mtu wa kulipa. Barabara ya Morogoro imetuzoesha kuviona kama kitu kimoja, kwa sababu gari likizima Kibamba, brekidauni inapatikana kwa simu moja na bei mnapatana palepale. Baharini vitu hivi viwili vinatengana, na kadiri unavyosogea kwenye mpaka wa nchi ndivyo vinavyozidi kuachana.

Mpaka uko karibu kuliko unavyodhani

Mtu wa Dar anaweza kusema mambo ya mpaka hayamhusu. Yeye anakwenda Bongoyo, Mbudya, siku nyingine Sinda, akipata nafasi na hali ya hewa nzuri anakwenda kuvua jodari na nguru Fungu Kizimkazi, ambako wavuvi wa michezo wanakuita Latham. Kenya iko mbali.

Iko mbali kama una injini. Mkondo wa bahari wa Afrika Mashariki unakwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi upepo unaupinga na unapungua nguvu. Wakati wa kusi upepo na mkondo vinasukuma upande mmoja, na kwenye mikondo ya kati ya visiwa na bara mwendo unaweza kufika noti 4, yaani maili 4 za bahari kwa saa. Mpaka wa bahari kati ya Tanzania na Kenya, uliokubaliwa kwa barua walizobadilishana nchi hizi mbili mwaka 1975 na 1976, unakwenda mashariki juu ya latitudo ya digrii 4, dakika 40 na sekunde 52 kusini. Kutoka usawa wa Dar hadi mstari huo ni kama maili 128 za bahari. Boti iliyozima, inayobebwa kwa noti 2 tu, inakwenda karibu maili 50 kwa saa 24. Siku tatu hazifiki kabla haijafika usawa wa mpaka, kama haikupanda mwamba njiani.

Hiyo ni hesabu ya Dar. Watu wetu wengi wanaopenda kuvua samsuli wanahamishia boti Tanga au kaskazini ya Pemba kwa ajili ya msimu. Tanga mjini iko kama maili 23 tu kusini ya mstari, na Ras Kigomasha, ncha ya Pemba, iko kama maili 12. Katikati ya mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya kisiwa na bara, kina kinapita mita 500, kwa hiyo nanga yako haigusi chochote. Injini ikizima hapo asubuhi wakati wa kusi, alasiri unaweza kuwa upande wa pili bila kufanya uamuzi wowote wa kuvuka.

Watu wanaokolewa bure, boti haiokolewi bure

Jambo moja liwekwe wazi mapema, kwa sababu kuna watu wanachelewa kuomba msaada wakiogopa bili. Kuokoa maisha ya watu baharini ni wajibu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, ambao Tanzania imeuridhia, unazitaka nchi ziwaagize manahodha wao kumsaidia kila mtu aliye katika hatari ya kupotea baharini, na Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji Majini wa 1989 unasema waliookolewa maisha hawadaiwi malipo kwa hilo. Ukiita kwenye redio, chaneli 16 ya VHF, au ukikipata kituo cha uratibu wa uokoaji majini cha Dar es Salaam kilicho chini ya TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, au polisi wanamaji, au KMKM, kikosi cha kuzuia magendo upande wa Zanzibar, hakuna anayekuuliza namba ya bima kabla ya kuja.

Ila wakifika, kazi yao ni watu. Wanaweza kuwapandisha nyote na kuiacha boti ikielea, nao watakuwa wametimiza wajibu wao wote. Kuanzia hapo boti, injini mbili za farasi 115 zilizofungwa nyuma yake, na kila kilichomo ni suala la mali, na mali ina bei yake.

Kuvutwa na kuokolewa

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, na hapa nitakaa kidogo.

Kuvutwa ni huduma. Boti yako haimo hatarini: bahari shwari, umetia nanga, hakuna maji ndani, unachohitaji ni mtu wa kukufikisha nyumbani. Mnakubaliana bei kwa saa, kwa umbali au kwa safari nzima, anakuvuta, unalipa. Uokoaji wa mali ni habari nyingine. Chombo kiko katika hatari ya kweli, mtu anakuja kwa hiari yake bila mkataba wa awali, na anafanikiwa. Sheria ya bahari inampa haki ya tuzo, na tuzo hiyo haipigiwi hesabu ya mafuta na saa. Chini ya mkataba wa 1989 vinaangaliwa thamani ya kilichookolewa, ukubwa wa hatari, ustadi na juhudi za mwokoaji, muda na gharama zake, na hatari aliyojiingiza mwenyewe. Asipofanikiwa, kwa kawaida halipwi. Akifanikiwa, anaweza kudai sehemu ya thamani ya boti yenyewe, ingawa tuzo haiwezi kuizidi thamani hiyo.

Tukio moja linaweza kuanza kama kuvutwa na kuishia kuwa uokoaji. Chukua boti iliyopwelewa kwenye mchanga wa Mbudya. Tofauti ya maji kupwa na kujaa hapa kwetu inapita mita 3 wakati wa bamvua, kwa hiyo kama umekaa kwenye mchanga laini na hali ya hewa ni nzuri, unasubiri maji yajae, mtu anakuvuta taratibu, imekwisha. Boti hiyohiyo ikiwa imepanda mwamba upande wa bahari kuu, mawimbi ya kusi yanaipiga, na ubavu umeanza kuingiza maji, hakuna anayeweza kuiita kazi hiyo kuvuta.

Kwa kawaida bima ya chombo inalipa uokoaji, kwa sababu kuiokoa boti ni nafuu kwa kampuni kuliko kulipa boti nzima. Isicholipa mara nyingi ni kuvutwa kwa kawaida, yaani injini imekataa na hakuna ajali. Hilo huongezwa kama kifungu cha pembeni chenye kikomo kidogo kwa kila tukio. Kwa hiyo mtu mwenye bima kamili anaweza kujikuta analipa mwenyewe tukio linalotokea mara nyingi zaidi, huku amekingwa dhidi ya lile linalotokea kwa nadra.

Ushauri wa mtandaoni umeandikwa kwa bahari nyingine

Ukitafuta mada hii kwenye intaneti utakutana na kurasa nyingi za Kimarekani zinazolinganisha mipango ya uanachama: lipa ada ya mwaka, piga simu, boti ya kuvuta inakuja. Mfumo huo una historia yake. Mwaka 1982 Bunge la Marekani liliwataka walinzi wa pwani wa nchi hiyo wapunguze ushindani wao na kampuni binafsi katika kuvuta boti zisizo hatarini, na mwaka uliofuata ikaanzishwa kampuni ya Sea Tow. Chama cha wenye boti cha BoatUS, kilichokuwapo tangu 1966, nacho kina mtandao wake wa boti za kuvuta. Uingereza walikwenda njia nyingine: RNLI, shirika la hisani la uokoaji baharini lililoanzishwa 1824, linatoka kuwasaidia watu baharini kwa fedha za michango.

Hapa Dar hatuna mtandao wa boti za kuvuta kwa ada ya mwaka ambao mtu atalinganisha mpango wa dhahabu na wa fedha. Lakini Wamarekani wana somo moja la kutufaa, na linatoka mpakani kwao na Kanada. Kati ya Detroit na Windsor mpaka unapita katikati ya mto, na boti ndogo inaweza kuuvuka kwa dakika chache. Sheria ya Marekani inakataza chombo cha nje kuvuta kingine kati ya sehemu mbili za Marekani, isipokuwa chombo kinachovutwa kiwe katika dhiki. Zaidi ya hapo, tangu 1908 kuna mkataba unaowaruhusu waokoaji wa nchi moja kufanya kazi kwenye maji ya mpakani ya nchi nyingine. Kwa maneno mengine, dhiki inafungua mpaka. Kutaka tu kurudishwa kwa fundi wako uliyemzoea hakuufungui.

Sheria ya Bahari inakwenda njia hiyohiyo kwetu. Chombo kinachopita kwenye maji ya nchi nyingine kinaruhusiwa kusimama na kutia nanga kikiwa katika dhiki, na kinaruhusiwa kusimama kumsaidia mwingine aliye katika dhiki. Mvuvi wa Vanga au Wasini, upande wa Kenya, anayekukuta unaelea huna injini, na watoto ndani, hana sababu ya kuogopa kukutupia kamba. Ila akikufikisha Shimoni na mkafunga boti salama, dhiki imekwisha. Kesho yake mkipatana akuvute kuvuka mpaka hadi Tanga, hiyo ni safari ya kimataifa ya vyombo viwili, na maofisa wa uhamiaji na forodha wa pande zote mbili wana haki ya kuuliza maswali. Boti yenyewe ni mali machoni pa forodha. Ndiyo maana nasisitiza pasipoti na karatasi za usajili wa boti ziwe ndani ya mfuko usiopitisha maji kila unapovua kaskazini ya Tanga, hata kama hukukusudia kwenda popote.

Vya kutafuta ndani ya karatasi

Anza na mipaka ya safari. Kila bima ya chombo inataja eneo, na nje ya eneo hilo bima inaweza kukataa kila kitu, si kuvutwa peke yake. "Pwani ya Tanzania" ni maneno mapana mno. Bahari ya nchi inaishia maili 12 kutoka mstari wa msingi, wakati eneo la kiuchumi linafika maili 200. Kampuni inaposema maji ya Tanzania inamaanisha lipi? Taka Unguja, Pemba, Mafia na Fungu Kizimkazi zitajwe kwa majina. Kisha uliza swali la mpakani: boti ikisukumwa na mkondo au dhoruba ikatoka nje ya eneo bila hiari yangu, bima inaendelea? Kampuni nyingine zitakubali kuandika hivyo, pengine kwa nyongeza ndogo ya ada. Zisipokubali, afadhali ujue ukiwa bado nchi kavu.

Pili, angalia boti yako itavutwa hadi wapi. Vifungu vingi vinasema hadi bandari salama iliyo karibu. Ukiwa maili 5 kusini ya mpaka, bandari hiyo inaweza kuwa ya Kenya. Gharama ya kuitunza boti hapo, mlinzi, vipuri na safari ya kuirudisha nyumbani baada ya matengenezo kwa kawaida hazimo, mpaka uzitake zitajwe.

Tatu, kikomo kwa kila tukio, na hapa usikubali namba bila kuipigia hesabu. Tuseme umezima Fungu Kizimkazi, kama maili 39 kutoka Msasani. Rafiki anatoka na boti yake kwa noti 15, anafika baada ya saa mbili na nusu hivi. Kurudi akiwa amekuvuta atakwenda noti 5, yaani saa nane. Kama injini zake zinakula lita 50 kwa saa akiwa mtupu na 25 akivuta polepole, hiyo ni lita 325 za petroli. Zidisha kwa bei kikomo ambayo EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza kila mwezi, ongeza posho ya nahodha na msaidizi wake, halafu linganisha na kikomo kilicho kwenye karatasi. Kikomo kikiwa chini ya nusu ya hapo, unanunua faraja tu.

Kuna jambo lingine ambalo mawakala wengi hawalitaji. Bima nyingi za yoti na boti zimejengwa juu ya Institute Yacht Clauses, masharti ya mfano ya bima ya yoti, za tarehe 1 Novemba 1985. Humo, chombo chenye mwendo wa kubuniwa unaozidi noti 17 kinahitaji kifungu chake maalumu cha boti za kasi, na faiba nyingi za hapa zinapita noti 17 bila taabu. Humohumo mwenye boti anaruhusiwa kuvuta chombo kilicho katika dhiki, lakini haruhusiwi kufanya kazi ya kuvuta au ya uokoaji kwa mkataba uliopangwa mapema. Angalia maana yake kwa yule rafiki yako. Akikuvuta siku moja kwa sababu umekwama, bima yake iko salama. Mkiandikiana kwamba kila mwaka utamlipa kiasi fulani awe mvutaji wako, huenda anavunja bima yake mwenyewe bila kujua. Kama mnataka mpango wa namna hiyo, na mimi nauunga mkono sana kwa watu wanaotoka pamoja mara kwa mara, kila mmoja aitaarifu kampuni yake kwanza na apate ruhusa kwa maandishi.

Mwisho wa karatasi ni ushahidi. Kampuni ya hapa itataka risiti, na kwa kawaida inataka ya mashine ya EFD, ile ya kodi. Mvuvi wa Vanga hana mashine hiyo, na atataka alipwe kwa shilingi ya Kenya kwenye simu yake papo hapo. Uliza mapema watakubali nini badala yake: ujumbe wa muamala, karatasi ya mkono yenye jina na sahihi yake, picha ya skrini ya GPS inayoonyesha mlipokutana. Ukikataliwa fidia bila sababu inayoeleweka, TIRA ndiyo inayosimamia kampuni za bima, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa malalamiko ya wateja. Ila kesi isiyo na ushahidi haisuluhishiki popote.

Kabla kamba haijakazwa

Pale mvutaji anapokukaribia, kuna dakika mbili tatu ambazo zina thamani kuliko karatasi zote. Kama hakuna hatari ya papo kwa papo, semezaneni.

"Nahodha, ahsante kwa kuja. Utanivuta hadi wapi, na kwa shilingi ngapi?"

"Hadi Kunduchi, bosi. Mafuta yangu na posho ya vijana wawili."

"Kwa jumla?"

Akitaja jumla, irudie kwa sauti huku mtu wako anarekodi kwenye simu, taja tarehe, saa na mahali mlipo. Mmekubaliana kuvuta kwa bei maalumu, na baadaye itakuwa vigumu kwa yeyote kusema ilikuwa uokoaji wa kudaiwa sehemu ya boti. Kama hutaki msaada wake, sema waziwazi kwamba unakataa. Mkataba wa 1989 hautoi malipo kwa anayelazimisha huduma baada ya mwenye chombo kuikataa kwa sababu za msingi. Na kama kweli mko hatarini, achana na mazungumzo, pokea kamba, hesabu itafuata.

Kamba iwe ya nailoni, inayonyumbuka, ifungwe kwenye pete ya chuma iliyo omoni chini, ile ya kupandishia boti kwenye trela, wala siyo kwenye kitasa cha sitaha kilichoshikwa na skrubu mbili. Irefushwe mpaka boti zote mbili ziwe zinapanda na kushuka mawimbi pamoja. Watu wakae mbali na mstari wa kamba, maana kamba ya nailoni ikikatika inarudi kwa nguvu ya kuua.

Kabla ya msimu, mwandikie wakala wako barua pepe fupi ya namna hii: "Injini ikizima maili 5 kusini ya mpaka wa Kenya, bila ajali, mtamlipa nani, hadi kiasi gani, kwa ushahidi gani, na hadi bandari ipi? Na mkondo ukinivusha mpaka, majibu hayo yanabadilika?" Akikujibu kwa simu, mwombe ayaandike yaleyale. Jibu likifika, lichape na uliweke kwenye boksi moja na fataki za dharura na redio ya mkononi, ili hata siku ambayo wewe hukutoka, anayeshika usukani awe nalo.